Dola sabini za kuangalia kichaka

Bankstown, magharibi ya Sydney, siko wanakopelekwa wageni. Wageni hupelekwa kwenye jumba la opera na lile daraja lao, na mimi vyote hivyo nilivimaliza asubuhi moja, nikanywa na kahawa ya dola sita. Hela hiyo Njombe inalisha watu wanne mchana, na nyama juu. Mengine ya mjini siyaandiki, yameshaandikwa ya kutosha.

Nilichokuwa nakitaka ni kuona mwati. Si mwati wetu, huo mti wa mkaa, ila ndugu yake mmoja ambaye wataalamu humwita Acacia pubescens. Ni kichaka cha matawi yenye vinyweleo, na kwa asili hakioti popote duniani isipokuwa Sydney na pembezoni mwake. Australia ina aina karibu elfu moja za jamii hii, lakini hiki sheria inakitaja kati ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Huchanua Agosti hadi Oktoba, nami nilikuwa nimefika wakati huohuo, baridi ikinikata masikio.

Njia ya reli niliyoitegemea ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na basi la kufidia lilijaa hadi mlangoni. Nikachukua teksi. Nilipokuwa naongea na mke wangu kwenye simu, dereva akapunguza redio.

"Eh! Weye ni wa Tanzania?"

Alikuwa mzee wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Vita vilimtoa kwao, akavuka ziwa, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Kuanzia hapo safari ikawa ya maswali. Njombe ni mbali na Kasulu? Bei ya gunia la mahindi? Nilipomwambia ninakokwenda na ninachokifuata, alinyamaza mpaka taa za barabarani zilizofuata.

"Kijana, unatoa franga yote hii juu ya kijiti?"

Nikamwambia, "Ndiyo mzee, kijiti."

Tulizunguka sana. Ramani ya simu ilituleta kwenye karakana ya magari, kisha nyuma ya ghala, na mita inasoma tu. Mwishowe tukakiona kando ya uzio wa waya, kwenye kipande cha ardhi ambacho kwetu kingekuwa kimeshapandwa viazi. Upande mmoja barabara, upande mwingine mtu katupa godoro. Katikati ndiyo hicho, kinanifika kifuani, majani yamechanwachanwa membamba, na maua ya duara, ya manjano, yamebanana mpaka matawi yameinama. Harufu yake ni tamu, ila moshi wa malori unaifikia kwanza.

Mzee alishuka, akazima gari lakini si mita. Akatazama godoro, akatazama maua.

"Mimi napita hapa kila siku."

Nikaanza kumweleza, maana nilishalipia. Kwamba kichaka hiki huzaa mbegu kwa shida, kwa hiyo huchipuza kutoka kwenye mizizi, na mashina yote haya anayoyaona huenda ni mmea mmoja.

"Kwa hiyo ni mutu moja tu, anasimama na miguu mingi," akasema.

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Ndiyo maana ukihesabu mashina unadhani vipo vingi, kumbe likipita trekta moja la kufyeka nyasi umeondoka ukoo mzima. Nikaongeza kwamba Joséphine, mke wa Napoleon, alikuwa nacho kwenye bustani yake ya Malmaison karibu na Paris, na kwamba Mfaransa Ventenat ndiye aliyekieleza kitaalamu mwaka 1803, Waingereza wakiwa wametimiza miaka 15 tu tangu waanzishe Sydney. Mzee akacheka mpaka akashika uzio. Mke wa Napoleon, na leo kinalala na godoro!

Mimi nilikuwa nawaza nyumbani. Mwati wetu ulitoka hukuhuku Australia, ukapandwa kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, na sasa hauombi ruhusa ya mtu. Choma shamba uone: moto ndio unaoziamsha mbegu zake. Huyu wa ng'ambo tunamfukuza mashambani hatumalizi, na Kitulo palepale jirani kuna zaidi ya aina 40 za maua ya okidi, ambazo watu huchimba viazi vyake usiku vikauzwe Zambia vipikwe chikanda, chakula chao cha huko. Hifadhi ilitangazwa mwaka 2005, na viazi bado vinachimbwa. Huku nao wana sheria, na godoro lao.

Mita ilisoma dola sabini na kitu. Hiyo ni zaidi ya laki moja yetu, kwenda tu! Nikalalamika waziwazi. Mzee akasema bei si yake, ni ya kampuni, ila kama nina njaa nyumbani kwake kuna sombe, yaani kisamvu, na hiyo haina mita.

Mama aliyetupokea alitaka kujua tulikotoka.

"Alikuja kuangalia kijiti," mumewe akajibu.

"Cha maua ya manjano? Kiko kingi nyuma ya kanisa letu!" Akanionyesha picha kwenye simu. Nikaikuza. Majani yalikuwa mapana, mazima, hayajachanwa hata kidogo. Nikamwambia hapana mama, huyo ni mwingine, wapo karibu elfu.

Akanipakulia tena. "Basi kula, kesho uende kuangalia wengine."

"Kesho hapana," mzee akadakia. "Kesho mimi napumzika."