Upepo wa mwezi wa tisa

Siku ya nne leo, na yule babu wa Kongwa aliyekuja ukumbini kutazama video yangu bado hajanitoka kichwani. Dada kajifungua salama Ijumaa, mwenye nyumba kapandisha kodi, lakini ninachosikia mimi ni hiki tu: "Mjukuu wangu, upepo huu ni wa mwezi wa tisa. Mbona mbuyu una majani?"

Alitazama mzunguko mzima wa video, dakika 6 na sekunde 40, kisha akatazama tena. Ndipo akasema.

Mkanda wenyewe ni huu: picha za zamani za kusifia mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, tingatinga mbili zimefungwa mnyororo zinalaza pori. Walitaka ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaondoka na hasara ya pauni milioni 36 hivi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokauka kama saruji, na ndani yake chenga za jiwe gumu (quartz) zinazokula majembe. Kiangazi kikiingia, karanga hazing'oki. Mimi niliondoa msimulizi na muziki wake wa ushindi, nikaweka upepo niliourekodi mwenyewe. Nikajiona nimeirudishia ardhi sauti yake.

"Mbona mbuyu una majani?"

Kosa ni la kiufundi, ndiyo maana linauma. Upepo hauna sauti. Unachosikia ni kile upepo unachokipiga. Nilirekodi Septemba, kinasa sauti nimekivalisha manyoya (sponji peke yake haifui dafu kwa upepo wa Dodoma, utarudi na ngurumo tupu), kilele cha sauti nimekiweka desibeli 12 chini ya sifuri, masafa ya chini ya hezi 80 nimeyakata. Sauti safi kabisa. Ila vilivyopigwa vilikuwa nyasi kavu na matawi matupu, na hayo hutoa mluzi. Mbuyu wenye majani huvuma kama mvua inayokuja kutoka mbali. Majani yale ni ya msimu wa mvua, na mvua zetu ni Desemba hadi Aprili. Aliyekulia pale hahitaji kufikiri.

Na mwendo wa picha nilikuwa nimeuhangaikia! Vipande vya kimya vya fremu 16 kwa sekunde, ukivipitisha kwa 25 bila kuvigusa, mtu anapalilia kama kafukuzwa na nyuki. Nikavishusha hadi asilimia 64 ya mwendo huo, watu wakatembea kama watu. Miguu nikaitendea haki, masikio nikayasahau.

Nilijitetea: "Babu, hii ni sanaa." Hakugeuka hata. "Na wao walikuja na gari la sinema. Mtu kasimama pembeni anatuambia tunaona nini."

Hapo ndipo paliponichoma. Kile kitengo cha filamu cha wakoloni, kilichoanzishwa 1939 chini ya William Sellers, kiliamini Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka. Kwa hiyo walipiga picha ndefu, za taratibu, na mara nyingi mfasiri aliyesimama hapohapo ndiye aliyeweka maneno. Picha ya kwao, sauti ya mtu mwingine, na mtazamaji ameze. Sasa niambieni mimi nimefanya nini tofauti.

Jana asubuhi, nikipiga brashi kichujio cha projekta, nikaanza kucheka peke yangu. (Kila asubuhi, brashi kavu, si maji: vumbi jekundu likiachwa siku mbili linaziba hewa, mashine inachemka na kujizima.) Katika wageni wote, na wengine walikuja na daftari, ni nani mwingine aliyerudia mzunguko? Mzee wa watu kaikagua kazi yangu kuliko mimi mwenyewe.

Basi nimekata upepo kwenye picha ya mbuyu. Sekunde 9 za kimya, fremu 2 za kufifisha kila upande ili spika isitoe "tap". Ukumbini kimya hakipo, unasikia feni ya projekta, na kusema kweli nimeipenda: mtu anakumbuka kuna mashine inamwonyesha. Mibuyu ikivaa majani nitakwenda kurekodi upya, na babu nitamtafuta asikilize kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sehemu ya video inayohusu Kondoa nayo imekwama. HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, na nilishapanga kuweka kengele za ng'ombe juu ya picha za makorongo matupu. Zinapendeza mno. Ndiyo shida yake.

Mama kapiga simu usiku huu: zabibu zina unga mweupe kwenye majani machanga, ubwiri unga tena, na salfa imebaki nusu kopo. Nimemwambia anyunyize alfajiri, maana jua likishakaza salfa inaunguza majani. Kasema kijana wa kunyunyiza haji kabla ya saa nne.