Woofa Iliyoimbia Gurudumu la Spea

Mazda MX-5 yangu ni ya mwaka 2003, kizazi cha pili, yenye viti viwili na paa la kitambaa ambalo hukunjwa kwa mkono baada ya kufungua vishikizo viwili vilivyo juu ya kioo cha mbele. Mwenye gari aliyenitangulia aliliagiza kutoka Japani kabla halijapita umri wa miaka minane, ambao ndio ukomo wa magari yaliyotumika kuingia Kenya, akaliacha na redio yake ya kiwandani yenye tundu la diski za MD, zile diski ndogo za muziki za Kijapani, ambazo sijawahi kuziona zikiuzwa mahali popote hapa Nairobi. Redio za Japani za enzi hizo hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo ilifungiwa kile kifaa kidogo cha kushusha masafa ambacho wengi wenye magari ya Japani wanakijua. Changu kilishusha kwa megahezi 18, hivi kwamba Capital FM ya 98.4 niliipata kwenye 80.4, pamoja na mkwaruzo ambao haukuisha hata nilipokuwa katikati ya jiji.

Nilipoamua kuubadilisha muziki wote wa gari, kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba gari la wazi linahitaji nguvu, na kwamba nguvu maana yake ni woofa, yaani spika kubwa ya besi. Duka moja la katikati ya jiji liliniuzia sanduku lenye woofa ya inchi 12, pamoja na amplifaya iliyoandikwa wati 2,000 kwa herufi za rangi ya dhahabu. Sanduku lile lilijaza karibu buti yote. Jambo ambalo muuzaji hakuniambia, na ambalo nilipaswa kuliona mwenyewe, ni kwamba buti ya gari hili imetengwa na viti kwa ukuta wa bati. Matokeo yake yalikuwa ya aibu: kibao cha namba cha nyuma kilitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka, mlinzi wa geti letu la South B akaniuliza kama ekzosi imelegea, na mimi niliyekaa mbele nikasikia mgurumo hafifu tu nyuma ya mgongo. Nilipofungua paa, hata mgurumo huo ukapotea.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja wa Ngara ambaye kwa miaka mingi aliwafungia muziki wenye matatu za Rongai. Alifungua buti, akaliangalia lile sanduku, akaangalia gurudumu lililobanwa pembeni yake, kisha akasema, "Mkubwa, hii woofa inaimbia spea." Baadaye alichomoa fyuzi ya amplifaya na kuniwekea kiganjani. Ilikuwa ya ampea 30. Ampea 30 zikizidishwa kwa volti 14 za gari lililowashwa ni wati 420 zinazoingia, na sehemu yake hupotea kuwa joto, kwa hiyo zile wati 2,000 hazikuwa na mahali pa kutokea. Tangu siku hiyo, ninapoingia dukani huomba kuonyeshwa fyuzi kabla ya kusoma maandishi ya juu ya boksi.

Maelezo yake kuhusu besi ndiyo yaliyobadilisha mpango wangu wote. Ndani ya gari lililofungwa, mawimbi marefu ya besi hubanwa katika nafasi ndogo na kuongezewa nguvu na nafasi yenyewe. Ndiyo sababu matatu iliyofunga vioo humtikisa abiria kifuani bila gharama kubwa. Paa likiondolewa, msukumo huo hutoroka juu, na wakati huohuo kelele ya matairi na upepo, ambayo nyingi yake iko katika masafa yaleyale ya chini, huja kuifunika besi kidogo iliyobaki. Kushindana nayo ni kazi ya hasara, kwa kuwa kila desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) zinazoongezwa hudai wati mara mbili, na sikio huihesabu sauti kuwa imeongezeka maradufu pale tu desibeli zinapofika kama 10, yaani wati mara kumi. "Upepo hauchoki," aliniambia, "betri ndiyo itachoka." Niliiuza woofa kwa nusu ya bei niliyoinunulia, nikashukuru kupata hata hiyo nusu.

Tukaanza na milango. Spika za kiwandani za inchi 6.5 zilikuwa na koni za karatasi, na ya upande wa abiria ilikuwa imelainika na kuota ukungu, kwa sababu maji ya mvua huteremka ndani ya mlango yakipita kwenye mpira wa dirisha, na katika gari la paa la kitambaa mipira hiyo huchakaa mapema. Fundi alinionyesha kwa tochi mstari wa matope ndani ya bati, ulioachwa na maji yaliyokosa pa kutokea baada ya matundu ya chini kuzibwa na vumbi. Aliyazibua kwa spoki ya baiskeli. Ndipo tukachagua spika zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, na nikajifunza kuangalia namba ambayo zamani niliipuuza: zile za zamani za gari langu jingine zilitoa desibeli 88 kwa wati moja, hizi mpya 92. Tofauti hiyo ya desibeli 4 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili na nusu, bila kuongeza hata wati moja.

Kabla ya kuzifunga, alibandika ndani ya mlango shuka za raba nzito yenye upande wa foili, akizikandamiza kwa rola ndogo ya mbao hadi mapovu yote yakaisha. Aligonga mlango ambao haujabandikwa, ukalia kama debe. Akagonga uliobandikwa, ukalia kama gogo. Kazi hii ilichukua karibu siku nzima na ndiyo ambayo maduka mengi huiruka, kwa kuwa mteja haioni. Kwa maoni yangu, mtu mwenye pesa ya kufanya jambo moja tu katika gari la wazi aanze hapa, na redio aiache kwanza.

Hata hivyo, kilicholeta nafuu kubwa kuliko yote kilikuwa ndani ya viti. Mazda wenyewe waliliona hili tangu kizazi cha kwanza kilichotoka mwaka 1989, kwani baadhi ya magari hayo yalikuwa na spika ndani ya sehemu ya kuegemezea kichwa, na kizazi cha nne huuzwa na spika za namna hiyo katika mfumo wa Bose. Hesabu yake ni rahisi: kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti hupanda kwa takriban desibeli 6. Spika ya mlangoni iko karibu mita moja kutoka sikioni, ya kichwani iko sentimita 15, na tofauti hiyo inafika desibeli 16, ambazo kwa njia ya wati zingetaka nguvu mara arobaini. Fundi wa kushona viti alifumua mshono wa nyuma, akachonga sponji kwa kisu cha mkate, akatupachikia spika za inchi 3, mbili kwa kila kiti, kisha akashona tena kwa uzi uleule mweusi, hivi kwamba ukiangalia huoni kitu. Niliogopa kwamba zingeumiza kisogo. Haziumizi.

Kuhusu nyaya sina mengi. Gari hili lina betri ndani ya buti, kwa hiyo amplifaya ndogo ya chaneli nne iliyochukua nafasi ya lile sanduku ilihitaji waya wa umeme usiofika mita moja, na fyuzi yake iko karibu kabisa na betri. Nyaya za mawimbi ya sauti zilipitishwa upande wa pili ili zisibebe mlio wa altaneta, ile mashine inayochaji betri. Yeyote mwenye gari kama langu akumbuke tu kwamba betri inayokaa ndani ya buti inapaswa kuwa ile iliyozibwa, yenye bomba la kutolea gesi nje, wala si ya kawaida yenye vifuniko vya kuongezea maji.

Redio mpya, yenye Bluetooth na FM inayofika 108, ndiyo iliyounganisha yote. Tulikata besi chini ya hezi 90 milangoni ili koni zisihangaike na kazi zisiyoiweza. Spika za vichwani zikacheleweshwa kwa karibu milisekunde 2.5, muda ambao sauti ya mlangoni huhitaji kuzifikia, na zikapunguzwa sauti, la sivyo mwimbaji husikika kama amekaa nyuma ya shingo yako akikunong'oneza.

Jumapili moja alfajiri nilimchukua mdogo wangu tukapanda barabara ya Expressway kule Mlolongo, paa likiwa wazi, tukaenda kwa kilomita 80 kwa saa hadi Westlands, yeye akiwa na simu iliyokuwa ikipima kelele. Simu si kifaa cha maabara, lakini tulipopandisha vioo vya milango upepo ulishuka kwa desibeli kama 5, bila gharama yoyote, na nikaikumbuka ile woofa kwa uchungu. Kipimo cha simu kilipopita desibeli 85, mdogo wangu alinipunguzia sauti bila kuniuliza. Tangu wakati huo redio ina mipangilio miwili niliyoihifadhi: wa paa wazi, wenye sauti za kati zilizopandishwa, na wa paa lililofungwa, ambamo spika za vichwani karibu zinanyamaza na besi kidogo inarudi.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuja kwenye foleni. Katika gari la wazi, muziki wako ni wa barabara nzima, na sipendi kuwalazimisha wengine, achilia mbali kanuni za kelele za mwaka 2009 ambazo NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huzisimamia. Wiki iliyopita nilikuwa nimekwama karibu na mzunguko wa Nyayo, paa wazi, rhumba ikipiga kwa kiwango kilichonitosha kabisa, wakati muuza njugu alipofika mlangoni, akasimama, akatazama redio iliyokuwa ikiwaka.

"Mzee, mbona hii redio inaonyesha wimbo lakini haiimbi?"

Nilimwambia ainame. Aliinama kwa uangalifu ili trei isimwagike, akasogeza sikio kwenye kiti cha abiria, akabaki hapo akitikisa kichwa polepole mpaka gari la nyuma likapiga honi.

"Kumbe iko kwa kiti," alisema, akanipa pakiti mbili kwa bei ya moja.