Pengo la milimita tisa

Majibu ya kinyama cha tezi dume yakitoka, kila mtu hukimbilia alama ya Gleason. Sawa, ndiyo inayosema saratani ina ukali gani. Ila mimi ninayeandika majibu hayo, mstari unaonikalisha kwenye hadubini kuliko yote ni ule unaofuata: saratani imeenea kiasi gani kwenye nyama tuliyoletewa.

Kwa kawaida hutolewa vipande 12 kwa sindano, sita kila upande wa tezi. Ni vyembamba kama uzi, urefu wa sentimita moja na kitu, upana haufiki hata milimita mbili. Fundi wa maabara asipovilaza vikanyooka ndani ya nta, kisu hupita juu ya sehemu tu ya kipande na iliyobaki haifiki kwenye slaidi. Hapo hata ukiwa na macho ya tai, utapima kilichopo tu.

Kupima kwenyewe si uganga. Kioo cha jicho cha hadubini yangu kimeandikwa 22; ukiigawa kwa ukuzaji wa lenzi, unapata upana wa unachokiona kwa milimita. Nikitumia lenzi ya 10, duara ninaloliona lina kipenyo cha milimita 2.2, nikitumia ya 4, ni milimita 5.5. Saratani ikiwa ndefu zaidi, natia nukta mbili za wino kwenye slaidi, mwanzo na mwisho, kisha naweka rula. Rula ya shule kabisa.

Vita iko kwenye pengo. Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili alinisogezea slaidi: kipande cha milimita 15, saratani ya milimita 1.5 huku, nyingine ya milimita 1.5 kule, katikati milimita 9 za tezi safi.

“Daktari, hilo pengo tunalihesabu au tunaliruka?”

Tukiliruka, saratani ni milimita 3, yaani asilimia 20 ya kipande. Tukipima mwanzo hadi mwisho, ni milimita 12, asilimia 80. Slaidi ni ileile, mgonjwa ni yuleyule.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Mwaka 1994 Jonathan Epstein na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walitoa vigezo vya kutambua saratani ndogo isiyo na haraka: Gleason isizidi 6, vipande vyenye saratani visizidi viwili, kisiwepo kipande ambacho saratani imepita nusu yake, na PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, iwe ndogo ikilinganishwa na ukubwa wa tezi. Kwa asilimia 20 mzee huyu anaweza kuambiwa tumfuatilie kwa karibu, bila kisu wala mionzi. Kwa asilimia 80 mazungumzo yanabadilika.

Wanaolihesabu pengo wana hoja: sindano hupita moja kwa moja, uvimbe haukui kwa mstari, kwa hiyo madoa mawili yanaweza kuwa uvimbe mmoja uliopinda na kutoka nje ya njia ya sindano. Wanaoliruka nao husema, usiandike saratani pale usipoiona. Mimi naandika vipimo vyote viwili na kueleza kila kimoja kilipatikanaje. Ripoti inarefuka kwa mstari mmoja, lakini daktari anayemtibu hatabaki kubuni nilimaanisha nini.

Asilimia peke yake pia siiamini. Milimita 3 kwenye kipande kifupi cha milimita 5 ni asilimia 60. Milimita 6 kwenye kipande cha milimita 20 ni asilimia 30. Ndiyo maana milimita nazo naziandika.

Kuna siku rula haina maana. Vipande vyote 12 vimejaa saratani kali sana, Gleason 9, kutoka ncha hadi ncha. Hapo kubishania pengo ni kupoteza muda wa mgonjwa.

Kinachoniudhi ni chupa moja. Ukitumbukiza vipande vyote kwenye fomalini ya chupa moja, vinasokotana na kukatika, nami nabaki na vipisi ishirini na kitu nisivyojua kipi kilikatika kutoka kipande kipi. Siwezi tena kukuandikia “3 kati ya 12”; nitakukadiria asilimia ya jumla tu. Ndugu zangu wa upasuaji wa njia ya mkojo, tenganisheni basi, hata kama ni chupa ya kulia na ya kushoto. Na mkidunga mara nne doa moja lililoonekana kwenye picha ya MRI, andikeni kwenye fomu kuwa ni doa moja, maana vipande hivyo vinne tunavihesabu kama kimoja.