Gâvur, ndugu yake kafiri

Mwaka wangu wa kwanza Izmir, Uturuki, mzee mmoja muuza chai aliniwekea kikombe mezani, akacheka: "Karibu Gâvur İzmir!" Masikio yakanisimama. Gâvur? Mbona linanukia kafiri?

Kumbe sikuwa mbali. Ndilo neno la Kituruki la kumwita asiye Mwislamu, na si la heshima hata kidogo. Wengine hulipeleka kwenye gabr ya Kiajemi, jina la wafuasi wa Zoroaster, nabii wa Uajemi ya kale. Wengine wanasema ni kâfir ya Kiarabu iliyopinda njiani, ile ile iliyotupa sisi kafiri. Mji ulibandikwa jina hilo enzi za Waosmani kwa wingi wa Wagiriki, Waarmenia na Wayahudi wake. Mwaka 1856 Sultani alitoa hati ya kukataza maneno ya kudhalilisha watu kwa dini zao. Neno halikufa.

Mshairi Byron alishalibeba hadi Uingereza mwaka 1813 katika utenzi wake The Giaour (tahajia ya kukutoa jasho!). Leila, mwanamke wa nyumba ya Hassan, anatoswa baharini kwa amri ya Hassan, mpenzi wake Mkristo anamuua Hassan kulipiza kisasi, kisha analaaniwa awe mnyonya damu.

Lakini kwangu aliyelitendea haki ni mwandishi Mıgırdiç Margosyan, Mwarmenia wa mji wa Diyarbakır, kusini mashariki mwa Uturuki. Kitabu chake cha hadithi za mtaa aliokulia alikiita Gâvur Mahallesi, Mtaa wa Makafiri. Tusi lile lile, sasa ni anwani ya nyumbani kwao.

Yule mzee, chai hakunilipisha.