Mgeni wa Kijiti

Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa gizani. Umeme wa kisiwa hutoka bara, kwa waya unaopita chini ya bahari na kuibukia Fumba, na hitilafu ilipotokea kisiwa kizima kikazimika. Pampu za maji zikasimama. Mahoteli ya Mji Mkongwe yakawasha majenereta yakawa yananguruma usiku kucha, na sisi wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, tukarudi kwenye vibatari, ndoo na visima.

Mimi nilivuka kutoka Dar es Salaam katikati ya giza hilo, na mimba ya miezi saba. Ilikuwa mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mtu hurudi kujifungulia kwao. Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kwetu kulikuwa kwa bibi, mtaa wa Mwembetanga. Wenzangu kazini walinishangaa. Watu wanakimbia Unguja, wewe ndiyo kwanza unakwenda? Nilipomweleza bibi kwa simu alisema yeye wanawe wote kawazaa kwa kibatari na hakuna aliyepotea njia.

Mume wangu alinisindikiza hadi bandarini. Alinishikia begi mpaka mwisho, akamwomba mama mmoja tusiyemjua kabisa akae karibu nami kwenye boti. Natamani msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka sana usiku ninaotaka kuusimulia.

Bibi alikuwa na redio kaseti kubwa ya betri, aliyoletewa zamani na mjomba kutoka Maskati, na kopo la biskuti lililojaa mikanda. Mikanda yenyewe mjomba aliirekodi redioni wakati wa ujana wake, nyimbo zinaanza zikiwa zimekatwa kichwa, na hapa na pale sauti ya mtangazaji inajitokeza nusu neno kisha tiki, kidole cha mjomba kimeshabonyeza. Betri zilikuwa ghali kipindi kile, kila nyumba inazigombea. Sheria ya bibi ikawa moja: baada ya sala ya isha, upande mmoja wa mkanda, basi. Tukitandika mkeka uani, kibatari kinawekwa mbali kwa ajili ya mbu, na taarab inatutosha hadi usingizi.

Katika mkanda mmojawapo kulikuwa na Kijiti, wimbo wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani, umeimbwa na Bi Kidude, mwimbaji aliyekuja baada yake. Huu ndio wimbo niliokuwa nikiupenda kuliko wote tangu utotoni. Ni wimbo wa kuinukia. Kwenye harusi za kwetu ukipigwa tu, kina mama wanajifunga kanga kiunoni kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa, na mimi nimeucheza tangu nikiwa mdogo wa kushikiliwa mkono. Mwanzo wake nilikuwa naujua kama ninavyoujua mlango wa kwa bibi: tazameni, tazameni alivyofanya Kijiti. Yanayofuata baada ya hapo sikuwahi kuyasikia vizuri, maana huwa yanamezwa na vigelegele.

Ajabu ni kwamba tangu nifike, mkanda ukifika hapo bibi alikuwa akinyoosha mkono na kuupeleka mbele. Sikuuliza. Nilidhani anabana betri.

Usiku huo alikuja mgeni akakawia kuondoka, bibi akachelewa kusali. Aliniwashia redio akaingia ndani, akaniacha uani peke yangu. Mtaa ulikuwa kimya, kimya cha kweli, kile ambacho mtu wa Dar hakijui: hakuna televisheni ya jirani, hakuna feni, hakuna friji linalokoroma. Mkanda ukafika kwenye Kijiti, na mkono wa bibi haukuwepo.

Nilijiegemeza ukutani nikaivuta redio karibu na sikio, nikapunguza sauti ili nisimsumbue bibi kwenye sala yake. Nadhani hapo ndipo ulipogeuka. Wimbo nilioucheza kwa kiuno miaka yote sasa ulikuwa unanong'onezwa kwangu mimi. Nilisikia vitu ambavyo harusini havisikiki. Nilisikia Bi Kidude akivuta pumzi kabla ya kila mshororo, pumzi nzito, yenye mikwaruzo. Nilisikia jinsi asivyoilainisha sauti popote. Halii, wala haombi huruma. Anasema tazameni kama mtu aliyewashika watu mabega akawageuza kwa nguvu waangalie jambo wasilotaka kuliona. Ngoma chini yake inakwenda zake, ya furaha ile ile.

Na maneno yakaja, moja baada ya jingine, hakuna kigelegele cha kuyafunika. Kijiti kamchukua mgeni. Kampeleka kwa maneno ya mchezo, kama watoto wanavyoitana kucheza. Kenda naye maguguni, na aliyerudishwa kutoka huko ni maiti. Kisha unakuja ubeti unaosema kwamba Kijiti kaua mtu, na tumboni mna mwana.

Nilibonyeza nikausimamisha mkanda. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya tumbo, sikumbuki niliuweka lini. Nikaurudisha nyuma, nikasikiliza tena, kwa sababu sikuamini kwamba maneno hayo yalikuwa humo siku zote. Yalikuwepo kwenye harusi ya shangazi. Yalikuwepo kwenye harusi yangu mimi.

Nikaendelea. Mashahidi wanakwenda mahakamani, jaji anakasirika pale kitini alipoketi, na wanaofungwa ni mashahidi. Muuaji keshatoroka. Wimbo unamtaja muuaji kwa jina, tena na tena, hadi jina lake likawa ndilo jina la wimbo. Unawataja waliofungwa. Lakini katika mkanda ule jina la mwanamke mwenyewe sikulisikia, ingawa nilitafuta kila neno, sikio limegandamana na spika. Ni mgeni tu. Mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam.

Hapo ndipo nilipolia, na nililia hasa. Nilimlilia yule mwanamke kama mtu ninayemjua. Nilijiuliza aliondoka Dar vipi, nani alimbebea mzigo wake hadi ufukweni, nani alimwambia nenda salama, na akamwomba nani akae karibu naye chomboni. Nilijiuliza kwao walipata habari baada ya siku ngapi, na aliyewapelekea alianzaje kusema. Sidhani kama niliwahi kumfikiria mtu aliyekufa zamani kwa namna hiyo, kama mtu mwenye mguu uliovimba na kiungulia usiku, kama mimi.

Bibi alitoka bado kavaa vazi lake la sala. Alisimama mlangoni.

"Nani aliyekuambia usikilize huo?"

"Bibi, huyu mwanamke alikuwa nani?"

"Mja mzito hasikilizi mambo ya mauti. N'lijua. Ndiyo maana nikiupeleka mbele." Akaja akaizima redio, akakaa chini taratibu kwa kushika goti. Nilifikiri atanipeleka kulala. Badala yake alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akasema kwa kuwa nimeshausikia nusu, bora niusikie wote.

Alinieleza kwamba ni jambo lililotokea kweli, enzi za Mwingereza, na kwamba mama yake alimsikia Siti kwa masikio yake. Siti ambaye alizaliwa Fumba, huko huko unakoibukia waya wetu wa umeme, akauza vyungu kabla ya kuuza sauti, akaja mjini, akaimba Ng'ambo na akaimba kwa wakubwa pia. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, na watu wakasikia Kiswahili chao kikitoka ndani ya gramafoni. Bibi alisema watu wa Ng'ambo wengi hawakuweza kusoma gazeti, na hata wangeweza, gazeti lisingewaandikia kesi kama walivyoiona wao. Siti aliwaandikia.

"Sasa mbona tunaucheza?" nikamuuliza. "Mtu kauawa, sisi tunafunga kanga."

Bibi alinyamaza kidogo. "Ungekuwa wimbo wa kilio, mjukuu wangu, nani angeuimba? Ungeimbwa msiba mmoja ukafa na waliokuwepo. Siti aliuweka kwenye ngoma. Kila harusi Kijiti anatajwa. Mpaka leo anatajwa. Huyo jaji alidhani kesi imekwisha."

Nimeyawaza maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na naamini bibi aliona sawasawa. Siti alikuwa anajua kabisa alichokuwa akikifanya na ule mdundo. Watu husema wimbo mzuri ni ule unaokuliza kwa mara ya kwanza tu ukiusikia. Mimi siamini hivyo tena. Huu ulinisubiri miaka zaidi ya ishirini, ukaniacha niucheze, hadi siku nilipokuwa na sikio la kuusikia na tumbo la kuuelewa.

Kesho yake bibi hakuweza kuficha. Alimsimulia jirani kwamba mjukuu wake amelia na Kijiti, jirani akamwambia dada yake, na baada ya isha uani pakajaa. Walikuja na mikeka yao na mswaki mdomoni, mmoja na birika la chai ya tangawizi na boflo. Bibi akaiweka redio katikati, akaamuru kila mtu anyamaze na asipige mtu kigelegele. Wakasikiliza kichwa chini. Wanawake waliouimba wimbo huo maisha yao yote walikuwa wakiinua kichwa ghafla na kutazamana, kila mmoja amepata mshororo ambao hakuwahi kuusikia.

Ulipokwisha mabishano yakaanza. Je, Kijiti alikamatwa? Bi mkubwa mmoja aliapa kwamba alikamatwa Dar es Salaam. Bibi akasema hapana, angekamatwa Siti angeuimba na ubeti huo pia. Mwingine akadai ile laana ya mwishoni, ya kumwombea Kijiti apate ugonjwa wa tende, ilimpata kweli, na kwamba babu yake alimwona na mguu umevimba kama gogo. Wakaomba mkanda urudishwe nyuma ili ushahidi usikilizwe upya. Ukarudishwa, ukarudishwa tena, na sheria ya bibi ya upande mmoja ikafa usiku ule bila mtu kuitangaza.

Mume wangu alipopiga simu asubuhi kuuliza aniletee nini atakapovuka mwisho wa wiki, alitegemea nitataja maembe au nguo za mtoto. Nilimwambia alete betri, zile kubwa, darzeni nzima kama mfuko unaruhusu, kwa sababu kesi ya Kijiti bado inasikilizwa Mwembetanga na mashahidi wanazidi kuja.