Kibua asubuhi

Jamani wa Tanga, tangu nianze kula maharage ya nazi na samaki kibua asubuhi badala ya chai na maandazi matupu, saa sita inanikuta bado niko sawa dukani. Protini hupunguza grelini, homoni ya njaa, na kuongeza zile zinazouambia ubongo kwamba tumeshiba. Mafuta nayo huchelewesha chakula kutoka tumboni, lakini msiyategemee sana: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini 4 tu, na kwa kalori zilezile protini ndiyo inayoshibisha zaidi. Mimi nachemsha maharage usiku, asubuhi tui jepesi, kibua wa kuchoma, ndimu na pilipili juu. Mama zangu mnaouza vitafunwa stendi, tuwekeeni na mayai ya kuchemsha, tutanunua!