Kutoa najua, Mama mdogo

Tangu Jumanne kuna maneno yamekaa kichwani hayatoki. Nikikanyaga cherehani yapo, nikiosha vyombo yapo.

Hafidhi, mtoto ninayemlea, alirudi twisheni ya prifomu wani, ile ya kujiandaa na sekondari kwa Kiingereza, amekumbatia daftari kifuani. Nikalichukua. Swali la tatu limepigwa kosa kwa kalamu nyekundu: "Subtract 28 from 63." Yeye kaandika 28 − 63 = −35. Nikamwambia, tena kwa ile sauti ya mtu aliyechoka, "Wewe na MAGAZIJUTO yako yote, mabano, gawa, zidisha, jumlisha, toa, leo kutoa kumekushinda?"

Akajibu polepole, macho chini: "Kutoa najua, Mama mdogo. 'From' ndiyo siijui."

Kasema kweli mtoto. Miaka 7 ya shule ya msingi kafundishwa kwa Kiswahili: sitini na tatu toa ishirini na nane, unaandika kama unavyotamka. Kiingereza cha "subtract... from" kinataja kwanza ile namba inayoondoka. Yeye kafuata mstari ulivyoandikwa, na kwa hesabu aliyoiandika, hasi 35 ndilo jibu lenyewe! Kaangushwa na kineno cha herufi nne. Na mimi, mlezi wake, nikaongezea la kwangu. Nililala nalo siku mbili bila kumwomba radhi.

Alhamisi usiku nilitandika mezani tetroni ya mashati ya shule, mita 6. "Hafidhi baba, njoo unishikie huku." Nikapima mbili na nusu, nikapiga mstari wa chaki.

"Ili nikate, lazima kwanza kuwe na nini?"

"Kitambaa."

"Basi hicho ndicho cha 'from'. Kinachofuata baada ya hilo neno ndiyo jora lako. Kiandike kwanza."

Akalaza kiganja juu ya tetroni. "Subtract two and a half from six," akasema, kidole kikitambaa kutoka kwenye chaki hadi kwenye pindo. Halafu, kwa sauti yake ya kawaida: "Sita toa mbili na nusu. Tatu na nusu." Nikakata, tukapima kilichobaki. Tatu na nusu.

Nikamwomba radhi pale pale, mkasi ungali mkononi. Akatabasamu hadi magego, na tangu hapo hanyamazi. Kanisimulia kuna mwenzake aliulizwa "difference" ya 15 na 8, akasema moja witiri na nyingine shufwa, kumbe mwalimu anataka 7. "Lakini si ni tofauti kweli, Mama mdogo?" Ni tofauti kweli, baba. Sasa ukutani juu ya cherehani kuna karatasi ya khaki, ile ninayochorea vipimo, kaijaza kwa mwandiko wake: "product" ni zao, "times" ni zidisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda twisheni anaongeza neno, nami nalisoma huku napitisha uzi kwenye sindano.